Usimuulize Kama Ana Kiu

Tangu Januari ilipoanza, sehemu kubwa ya barua zinazoletwa kwenye ukurasa huu zimehusu wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ambao wataalamu wanauita demensia, na namna joto la miezi hii linavyowasumbua wao pamoja na wale wanaowatunza. Sishangai. Hapa Moshi mjini, kabla masika hayajaanza, joto la mchana hufika nyuzi 33 na siku nyingine hupita hapo. Wazee wenye ugonjwa huu nao si wachache kama tunavyodhani, kwani utafiti uliofanyika wilaya ya Hai na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, sita hivi walikuwa nao. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake yamo maswali ya wengine wengi.

Baba mkwe hataki kuvua koti

*Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi ni mkamwana katika familia moja hapa Pasua. Baba mkwe wangu ana miaka 81, na hospitali walituambia kwamba ana ugonjwa wa kusahau. Baada ya Krismasi tulishuka naye kutoka Marangu, kwa sababu mama mkwe alifariki mwaka juzi na kule kihambani, kwenye shamba la ukoo, hakuna tena mtu wa kukaa naye usiku na mchana. Asubuhi anakuwa mtulivu, lakini kuanzia saa nane mchana anazungukazunguka, anafoka, na anasema anataka kwenda nyumbani. Anavaa sweta na juu yake koti zito, na joto lote hili. Nikimuuliza kama anataka maji, anasema hapana, ameshakunywa. Mimi kama mkamwana siwezi kumshika wala kumvua nguo, na mume wangu hurudi kutoka kazini saa moja usiku. Nifanye nini?*
*Mkamwana, Pasua, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo swali unalomuuliza, maana hapo ndipo penye kosa, na si kosa lako peke yako bali ni la karibu kila nyumba niliyowahi kuingia. Unamuuliza kama anataka maji, naye anakujibu hapana kwa uungwana kabisa. Kwa kijana mwenye afya, kiu ni mlinzi anayegonga mlango mapema. Kwa mzee, mlinzi huyo huanza kusinzia, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayopima upungufu wa maji mwilini hupoteza makali kadiri umri unavyosonga, na figo nazo huacha maji yapotee kwenye mkojo kuliko zamani. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, hata mlinzi akigonga, huenda mwenye nyumba asijue ni nani anayegonga: anajisikia vibaya, lakini haunganishi ukavu wa kinywa chake na kikombe kilicho mezani, wala hakumbuki kwamba mara ya mwisho kunywa ilikuwa jana jioni. Kwa hiyo ile "hapana" yake haikuambii lolote kuhusu mwili wake. Usimuulize. Mpe.

Mpe kikombe mkononi, nawe ushike chako, ukae, unywe, kwa sababu mtu ambaye maelezo yameanza kumpita bado anaweza kufuata anachokiona mwenzake akikifanya. Lenga glasi sita hadi nane kwa siku, yaani lita moja na nusu hadi mbili, isipokuwa kama daktari amempangia kiwango kwa sababu ya moyo au figo, na umpe kidogo kidogo kila baada ya muda, kwani glasi nzima iliyojaa humtisha mzee. Ukitaka kujua ukweli, jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi, na maji yote anayopewa, hata yale ya chai, yatoke humo. Jioni chupa itakueleza vizuri kuliko kumbukumbu za watu watatu waliopokezana kumwangalia. Kikombe kiwe na mkono wa kushikia na rangi kali, chekundu au cha buluu, kwa kuwa macho ya wagonjwa hawa hupata tabu kutofautisha glasi angavu yenye maji angavu iliyowekwa juu ya kitambaa cheupe.

Si lazima yawe maji matupu. Chai, uji mwepesi, maziwa mgando, mtori ulioongezwa supu, tikiti maji, machungwa na matango, vyote vinahesabika, na mzee wa mlimani aliyelelewa kwa vitu vya moto pengine atapokea chai ya tangawizi kwa furaha mahali ambapo maji ya kwenye friji angeyasukuma. Joto la kinywaji si tatizo. Kuhusu mbege, ambayo najua mtaniuliza, sitaikataza kwa ukali; lakini pombe huongeza mkojo na humfanya mzee ayumbe, kwa hiyo kikombe kidogo siku ya sherehe kisichukuliwe kuwa ni sehemu ya ile lita moja na nusu. Ukiona anakohoa kila anapokunywa, au sauti yake inakuwa kama yenye maji baada ya kumeza, mkalishe wima, umpe kwa funda dogo, na uwaeleze hospitali mapema, kwa sababu maji yanayopotea njia huingia kwenye mapafu.

Sasa hilo koti. Nimeona familia zikipigana mieleka na koti la mzee hadi majirani wakaja kuchungulia, na sikuona hata moja iliyoshinda. Koti hilo ni la miaka mingi ya kuamka kwenye baridi ya Marangu, na pengine ndilo alilovaa kanisani na kwenye vikao vya ukoo. Anayelivua anamvua na cheo chake. Zaidi ya hapo, ugonjwa huu unaweza kuharibu uwezo wa ubongo wa kupima joto na baridi, hivyo anaposema anasikia baridi saa nane mchana hasemi uongo. Mtafutieni koti jepesi la kitambaa cha pamba, lenye rangi inayokaribia ile ya zamani na mifuko ileile, kwani mara nyingi mkono wa mzee huutafuta mfuko kuliko unavyolitafuta koti lenyewe. Mabadilishano yafanyike wakati wa kuoga: anapotoka bafuni, lile zito halipo mbele ya macho, na lile jepesi limetundikwa mahali pake. Wapo watakaosema huku ni kumdanganya mzee. Mimi nasema ni kumwondolea ugomvi ambao hana tena silaha za kuushinda.

Umesema kweli kwamba wewe kama mkamwana huwezi kumvua, na sitakushauri uvunje heshima hiyo, kwani aibu atakayoipata itamfanya akatae hata uji wako. Kazi zigawanywe. Mume wako amwogeshe asubuhi kabla ya kwenda kazini na tena akirudi, kwa maji ya vuguvugu, akianzia miguuni na mikononi ili mwili usishtuke. Kama yupo mjukuu wa kiume aliyekomaa, aoge naye mchana kwa ndoo na kopo au walau amfute kwa taulo lenye maji shingoni, usoni na mikononi. Wewe shika maji, chakula na nyumba. Kazi hizo tatu peke yake ni zaidi ya nusu ya tiba.

Nyumba nyingi za Pasua ni za bati, na kama yenu haina dari, bati hilo linalochemka tangu saa nne asubuhi linamchoma mzee kutoka juu kama jiko la mkaa lililogeuzwa. Asikae chumba cha upande wa magharibi mchana. Funga mapazia ya upande wenye jua tangu asubuhi, kabla joto halijaingia, na ufungue madirisha yote jua likizama, yakiwa na wavu wa mbu. Saa za jua kali, kivuli cha mwembe uani ni bora kuliko sebule. Feni inasaidia zaidi ngozi ikiwa imeloweshwa kidogo, kwa kuwa mzee hutoa jasho dogo na upepo peke yake hauna cha kukausha. Chandarua kisiondolewe usiku kwa kisingizio cha joto, maana malaria kwa mzee huyu ni balaa kubwa zaidi. Ning'inizeni cha pembe nne, kilichotanuka, na feni ikielekea kwake. Na tafadhali acheni ile desturi ya kumwaga maji kwenye sakafu ya saruji ili ipoe, kwa sababu mzee akiteleza na kuvunjika nyonga, hadithi nyingine yote itabadilika.

Kuhangaika kwa alasiri ni jambo linalojulikana kwa wagonjwa hawa hata mahali penye baridi, lakini joto na upungufu wa maji huliongeza mara dufu. Mtu ambaye ugonjwa umemwibia maneno ya mwili, mara nyingi hueleza usumbufu wake kwa maneno ya mahali. "Nataka kwenda nyumbani" inaweza kuwa na maana ya "nasikia joto", "nataka kukojoa" au "nimechoka na kelele". Kabla ya kumbishia kwamba nyumbani ndiyo hapa, mpe kinywaji, mpeleke chooni, msogeze kivulini, kisha umuulize habari za migomba yake na umwache asimulie.

Nina jambo la mwisho kwako, na najua si kila ndugu atalipenda. Kwa kila mita 1,000 unazopanda mlimani, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, na Marangu iko juu ya Moshi mjini kwa mita mia kadhaa. Tumezoea kupanda wote Desemba, kula, kisha kumteremsha mzee mjini wakati joto linapoanza. Kama ukoo unaweza kukubaliana kuhusu mtu wa kuaminika wa kulala naye, na gharama zikachangwa, ningependa akae kihambani Februari na Machi na ashuke mjini Juni na Julai, wakati baridi ya mlimani ndiyo inayomuumiza. Kuhamahama humchanganya mgonjwa, hilo ni kweli, lakini kihamba anakijua kwa miguu hata pale akili inapokisahau. Bila mtu wa kukaa naye, usijaribu.

Bibi hajasahau swaumu

*Bibi yetu wa Majengo amesahau majina yetu sisi wajukuu, lakini hajasahau swaumu. Akisikia Ramadhani imeandama, hagusi kitu mchana. Mwaka jana alidondoka siku ya tisa akiwa amekauka midomo. Anatumia vidonge vya sukari. Tukimwambia hapaswi kufunga analia na kusema tunataka kumtia dhambini.*
*Wajukuu, Majengo, Moshi*

Mwaka huu wa 2026 Ramadhani inaangukia kati ya Februari na Machi, katika wiki zilezile ambazo Moshi huwa tanuri, kwa hiyo mmeuliza kwa wakati. Hukumu ya dini ni ya masheikh wala si yangu, ingawa hata mimi najua kwamba Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa, na kwamba asiye na akili timamu hakalifishwi. Mwendeeni imamu wa msikiti wenu mumweleze hali yake yote, ikiwa ni pamoja na zile saa ambazo akili yake huwa safi.

Kisha mwombeni imamu huyo jambo moja zaidi: aje amwambie Bibi mwenyewe, kwa sauti anayoiheshimu, kwamba ameruhusiwa kula, nanyi mrekodi maneno hayo kwenye simu. Bibi atayasahau kabla ya adhuhuri, na kesho asubuhi mtamsikilizisha tena, na keshokutwa tena. Neno la mjukuu ni ubishi. La imamu ni ruhusa. Msimtangazie kila siku kwamba ni Ramadhani, mkae naye mbali na harakati za jikoni mchana, na uji wake umfikie saa ileile iliyozoeleka kama siku nyingine yoyote.

Hatari iliyo kubwa kuliko kiu ni hivyo vidonge. Baadhi ya dawa za sukari zikimezwa tumbo likiwa tupu huishusha sukari hadi mtu akapoteza fahamu, na dalili za mwanzo, yaani kutetemeka, kuduwaa na kuropoka, kwa mgonjwa wa kusahau zitadhaniwa kuwa ni ugonjwa wake wa kila siku. Nendeni kliniki ya kisukari kabla mwezi haujaandama, na kama umeshaandama, nendeni kesho.

Vidonge vya mafua ili alale

*Mama yangu halali usiku, anatoka kitandani kila saa. Jirani alinishauri nimpe Piriton mbili, na kweli analala. Lakini siku hizi mchana amekuwa kama mlevi na hajapata choo siku nne. Je, ni joto?*
*Mtoto wa pekee, Ngarenaro, Arusha*

Pole sana, kwa maana kumlinda mtu asiyelala, ukiwa peke yako, ni kazi inayomaliza mwili. Hata hivyo, acha hizo Piriton leo. Dawa hiyo huzuia kemikali ya ubongo iitwayo asetilikolini, na hiyo ndiyo kemikali ambayo Alzheimer, aina ya ugonjwa wa kusahau inayoonekana zaidi, inaipunguza. Yaani unaongeza kwa mkono wako kile ambacho ugonjwa unakifanya. Aidha, inakausha kinywa, inafunga choo, inazuia mkojo, na wakati wa joto inapunguza jasho ambalo ndilo kinga ya mwili dhidi ya kuchemka. Promethazini, ambayo watu huinunua dukani kwa nia hiyohiyo, ina tabia hizohizo.

Dawa alizoandikiwa na daktari ni jambo tofauti. Zile za kushusha presha zinazoongeza mkojo, amitriptilini inayotolewa kwa sonona na maumivu ya neva, na baadhi ya dawa za kutuliza akili zinaweza kumletea shida wakati wa joto, lakini usimwachishe hata moja kwa uamuzi wako. Zitie zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji kama zipo, uende nazo kwa daktari na umuulize ni ipi ipunguzwe mpaka hali ya hewa ibadilike. Choo cha siku nne kitajwe siku hiyohiyo, kwani choo kilichoziba ni sababu tosha ya mzee kutolala. Na kabla ya kutafuta dawa nyingine ya usingizi, ingia chumbani kwake saa tano usiku, ufunge mlango, ukae nusu saa. Ukishindwa wewe kulala humo kwa joto, umeshapata sehemu ya jibu.

Mzee wa barabarani

*Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kiko Kiboriloni. Wiki iliyopita saa saba mchana tulimkuta mzee akitembea pekupeku kando ya barabara, ngozi inaungua kama moto, jasho hakuna, maneno hayaeleweki. Mmoja alisema amelewa, mwingine akasema malaria. Tulimpa maji akapaliwa. Baadaye tuliambiwa ana ugonjwa wa kusahau na alitoroka nyumbani. Siku nyingine tufanyeje?*
*Dereva, Kiboriloni, Moshi*

Mlifanya vyema kusimama, mwanangu, maana wengi hupita. Mwili unaowaka pamoja na akili iliyovurugika ni dharura, na katika dharura hiyo dakika za mwanzo ni zenu kabla hazijawa za daktari. Mhamishieni kivulini, mfungueni vifungo, mmwagieni maji mwili mzima na mpepee kwa nguvu kwa chochote mlicho nacho, huku vitambaa vyenye maji baridi vikiwekwa shingoni, makwapani na kwenye mapaja kwa juu. Asiyeeleweka anachosema au anayesinzia asipewe chochote mdomoni, mlazeni ubavu. Msimpe panado, kwa sababu haishushi joto la jua. Tafuteni bajaji au gari, si pikipiki, na mwendelee kumlowesha njiani. Kuhusu malaria, mwenzenu hakukosea kuitaja, kwani ndiyo hukumu ya kwanza tunayoitoa katika nchi hii kila mtu akichemka. Ni kweli lazima apimwe, lakini apimwe akiwa ameshaanza kupozwa.

Nyumbani nako wasisubiri hali hiyo. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, ulimi mkavu, kizunguzungu anapoinuka, au mzee ambaye jana alikuwa anaongea na leo amenyamaza tu anasinzia, hizo ni dalili za kushughulikiwa siku hiyohiyo. Kuvuta ngozi ya mkono ili kuona kama inarudi hakusaidii sana kwa wazee, kwa kuwa ngozi yao imelegea tayari. Na wale wanaowafungia wazee ndani kwa kufuli ili wasitoroke, wakienda sokoni, wajue kwamba chumba cha bati kilichofungwa mchana ni hatari sawa na ile barabara, na moto ukitokea hakuna atakayemwokoa. Ni afadhali geti lenye kengele, na majirani, mwenye duka, mwenyekiti wa mtaa na kijiwe cha bodaboda cha karibu wote wawe wamemwona mzee kwa sura na wana namba ya simu ya nyumbani.

Namba hiyohiyo iandikwe kwa wino usiofutika kwenye kipande cha kitambaa na kushonwa kwenye nguo yake. Mkamwana wa Pasua, kwako hili ni rahisi kuliko kwa wengine: ishone ndani ya mfuko wa koti jipya jepesi, kabla halijatundikwa bafuni.